Anayekufa Simpi Jina

Vijana wa Garsen wana swali moja tu, na wameniuliza kwa miaka tisa mpaka masikio yamekufa ganzi. "Mama Iha, hii inafaa kutazamwa?" Hawaulizi habari za asubuhi, hawaulizi goti langu limeamkaje. Wanasimama mlangoni na miraa mdomoni, wanataka niwaambie kama mchana wao utapotea bure. Nami nawajibu kwa neno moja, inafaa au haifai, kwa sababu maelezo yamenichosha tangu zamani.

Jina langu ni Nyevu, Iha ni mwanangu, na kazi yangu ni kusema. Banda la video la Abdinur ni mabati pande zote nne na turubai jeusi madirishani. Ndani yake kila siku saa nane mchana nakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya televisheni, maiki mkononi, natafsiri. Wahindi, Wachina, Wakorea, wote wanapita kooni mwangu na kutoka wakiwa Waswahili. Sauti yao naipunguza, nasoma yale maandishi ya Kiingereza chini ya picha, nawaambia watu kilichosemwa. Zamani nilikuwa mwalimu wa chekechea kule Kulesa, kwa hivyo kupaza sauti mbele ya watu wasiosikia si jambo geni kwangu.

Sasa, majina. Mtu akiwa na jina la Kijapani la silabi saba, benchi la nyuma limeshapotea kabla sijalimaliza. Kwa hivyo nawapa majina ya hapa. Wazuri nawagawia kwa zamu: Mpokomo mmoja, Muorma mmoja, Mgiriama mmoja, Msomali mmoja, kisha narudi mwanzo. Wabaya hawapati jina la mtu. Mwizi ni Kisiki, jambazi ni Kifuniko, muuaji ni Bwana Koti hata kama hana koti. Mambo ya huku kwetu hayahitaji kusimuliwa. Kuna miaka watu waliuana kwa ajili ya maji na malisho, na mwaka nilioanza kazi nilimpa mwizi wa ng'ombe jina la Kipokomo, benchi likaruka hewani na kuvunja spika. Toka siku hiyo nina adabu.

Sharti la mwisho ni langu mwenyewe, hata Abdinur sikumwambia. Anayekufa simpi jina. Namwita yule kijana, yule mama, basi. Watu wa hapa wamezika vya kutosha, sioni haja ya kuwaongezea. Lakini ili sharti hilo lishike, ni lazima niitazame picha mpaka mwisho kabla sijashika maiki, nijue nani anabaki na nani anakwenda.

Mwezi wa pili Abdinur alirudi kutoka Malindi na flashi mpya. Nikaifungua nikaona macho makubwa na nywele za rangi. "Umeniletea katuni," nikamwambia. Vijana waliokuwa pale nje wakakasirika kama niliyewatukania mama zao. "Si katuni, Mama Iha, ni anime." Haya, anime. Sehemu kumi na mbili, ya siri na mauaji, mvua kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila mtu mle ndani anaongea ametazama dirishani. Abdinur akaamua iwe sehemu moja kwa siku kabla ya picha kubwa, watu wapate sababu ya kurudi kesho yake.

Nilitazama sehemu mbili, stima ikapotea, feni ikazima, usingizi ukanichukua kitini. Nilipoamka ilikuwa saa nane kasoro, stima imerudi na watu wamejaa. Huo ndio ukweli, sina wa kumsingizia.

Sehemu ya kwanza ina msichana wa shule, nywele fupi, mcheshi, anaendesha baiskeli kwenye mvua huku ameachia mikono. Mji wote unamjua. Alipotokea tu, Dida akapiga kelele kutoka benchi la tatu. Dida ni Muorma, mwendesha bodaboda, na mdomo wake hauna breki. "Mama Iha, kila siku Muorma wako ni mlinzi wa geti. Leo tupe stelingi." Watu wakacheka. Na kweli, nilipokumbuka, mwezi ule Waorma wangu watatu walikuwa walinzi wa geti. Nikaona haki itendeke. Stelingi, yule ambaye picha yote inamzunguka, alikuwa huyo msichana, nikampa jina la Kiorma, Darmi.

Mwisho wa sehemu ya pili Darmi anatoka darasani na hafiki nyumbani. Hilo nilikuwa nimeliona. Lakini nikajiambia atarudi, mbona wanaopotea mwanzoni hurudi, na tena ni stelingi. Stelingi hafi, hiyo ni sheria ambayo hata watoto wangu wa chekechea walikuwa wanaijua.

Siku ya nne, nilipokuwa nafungua kufuli la banda na jua la saa saba linanichoma shingo, nikamkuta mzee mmoja amesimama kwenye kile kivuli chembamba cha mabati. Alikuwa mrefu, mkavu, kikoi safi, kofia, fimbo. Wazee wa aina yake hawaji kwangu. Banda la video wanaliita nyumba ya shetani, na siku zile kichwa kinaponiuma huwa nakubaliana nao.

"Salaam alekum, mama."

"Alekum salaam, mzee. Karibu."

"Mimi naitwa Hirbo. Jana mimi niko hoteli, nakunywa chai. Vijana wanasema Darmi ameonekana stendi ya basi. Mimi nikaruka. Nikashika kijana shati, nikamuliza, wapi? Akaniambia, pole mzee, hiyo ni picha, iko kwa Mama Iha."

"Ni picha, mzee. Ni katuni ya Wajapani. Hilo jina nimelitia mimi tu."

"Najua ni picha. Mimi si mjinga." Alisema bila hasira. "Lakini huyo msichana amepotea."

"Amepotea."

"Na watu wanamtafuta."

"Wanamtafuta, ndiyo."

"Anapatikana?"

Mtu mwenye akili timamu hapo angesema sijui, sijafika mwisho. Lakini miaka tisa ya inafaa na haifai imenizoesha vibaya. Nilikuwa na joto, nilikuwa na kufuli lisilofunguka, na nilitaka mzee apishe mlango. "Mzee," nikamwambia, "yule ni stelingi. Stelingi hafi."

"Basi inafaa kutazamwa."

"Inafaa," nikasema.

Akaingia. Akakaa benchi la mbele kabisa, fimbo katikati ya magoti, mgongo wima. Vijana walipoingia wakashusha sauti, na wale wa miraa wakahamia nyuma. Siku ile mwenye duka la vitabu, mle ndani ya anime, naye anaapa kwamba alimwona Darmi pale stendi, amevaa koti la njano. Niliposema hivyo kwenye maiki, Hirbo alitikisa kichwa polepole, kama anayepokea habari aliyokuwa akiisubiri. Ilipoisha hakungoja picha kubwa. Aliinuka, akasema asante mama, akaenda.

Nikamshika Dida mkono mlangoni. "Yule mzee ana nini?"

Dida, ambaye siku zote ana neno, aliangalia chini. "Mama Iha, mimi sikufikiria. Kina Darmi ni wengi. Dada yangu mwenyewe ni Darmi."

"Nakuuliza yule mzee ana nini."

Akaniambia. Yale mafuriko makubwa, Darmi binti Hirbo, miaka kumi na sita, alikuwa analeta maziwa sokoni pamoja na wanawake wengine. Barabara ilikuwa imekatika, wakapanda mtumbwi. Mtumbwi ukapinduka. Wanne walitolewa wazima, wawili wakapatikana siku ya tatu wamekwama kwenye matete. Darmi hakuonekana, si mzima si maiti. Na mto wetu una vitu ndani yake ambavyo hakuna haja ya kuvitaja, kila mtu alijua na kila mtu akanyamaza.

"Wazee walikuja wamsalie," Dida akasema. "Unajua sisi, maiti akikosekana husaliwa hivyo hivyo, sala ya ghaibu. Mzee akakataa. Akasema humsalii mtu aliye hai, hiyo ni kumloga. Mke wake Kadra amemlilia mpaka amechoka. Anataka mtoto asomewe, naye akae eda ya moyo wake, iishe. Mzee hataki. Mtu akisema kuna msichana ameonekana Kipini kwa wavuvi, anakwenda Kipini. Mtu akisema Bura, kuna msichana anafanya kibarua kwenye mashamba ya mfereji, ananipigia simu nimpeleke. Mimi mwenyewe nimempeleka Bura mara tatu, Mama Iha. Mara ya mwisho alikuwa msichana Mkamba wa watu."

Miezi kumi na minne tangu mafuriko yale. Sisi Wagiriama wakati ule tulikuwa kambini, kwenye mahema, maji yamemeza mahindi yote, na nani alikuwa na nafasi ya kujua majina ya wafu wa wengine. Lakini kutojua hakunifanyi nisione haya. Nilirudi ndani nikatafsiri ile picha kubwa, Wahindi wakicheza na kuimba, na sikumbuki hata neno moja nililosema.

Mtu atauliza, mbona hukuitazama yote siku ileile ujue mwisho? Ningeweza. Laptopu ya Abdinur ilikuwa pale. Sikuitazama. Niliogopa, basi. Nikawa natazama sehemu ya siku hiyo tu, asubuhi, na kikombe changu cha chai, kama mtu anayevuka mto kwa kujaribu kina kwa kijiti. Na kila sehemu ilinipa siku moja ya nafuu, kwa sababu kila sehemu kulikuwa na mtu aliyemwona Darmi. Mwalimu alimwona bandarini. Mama wa mkate alimwona mjini, amekata nywele. Shangazi alipokea simu, upande wa pili mtu akipumua. Mzee Hirbo alikuja kila siku, akakaa palepale, akatikisa kichwa palepale.

Siku ya nane alinisubiri baada ya kipindi. "Mama, wewe unaongea vizuri," akaniambia. "Wale wengine wote wanasema, rudi nyumbani mzee, Mungu amechukua. Hapa tu ndio watu wanatafuta mpaka sasa."

Nilitaka kumwambia, mzee, wale ni michoro. Kuna mtu huko mbali amekaa mezani akawachora. Nikashindwa. Nikamwambia njia njema.

Siku ya kumi na mbili nilifika bandani saa mbili asubuhi, nikafungua sehemu ya mwisho. Sitaisimulia yote. Darmi yuko ndani ya tangi la maji, juu ya paa la shule. Alipanda huko siku ileile aliyopotea, peke yake, akateleza. Hakuna muuaji. Hakuna Bwana Koti. Wale wote waliosema wamemwona hawakumwona. Walitaka tu awe hai, kila mmoja akajitengenezea Darmi wake, na uongo wao mtamu ukawafanya watu wasipande kuangalia tangi lililokuwa juu ya vichwa vyao. Mwishoni baba anamshika mkono. Mchoraji hakuogopa kitu, amechora mkono ule na kila kitu maji yanachofanya kwa mkono.

Nilifunga laptopu nikakaa. Kusema kweli ni anime nzuri. Katika miaka tisa nimetafsiri takataka nyingi sana, na hii haikuwa takataka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nikampigia Abdinur simu. "Leo sehemu ya mwisho tusiionyeshe."

"Kwa nini? Imeharibika?"

"Haikuharibika. Yule mzee wa mbele, msichana anakufa."

Abdinur si mtu mbaya. "Mama Iha, watu wamengoja siku kumi na moja. Nikiwaambia haipo, watavunja mabati. Wewe ndiye unasema. Sema vingine."

Sema vingine. Hilo nalo nililijua tangu asubuhi, sikuhitaji Abdinur kunifundisha. Maiki ni yangu. Kiingereza pale bandani nasoma mimi na vijana wawili watatu wa sekondari. Naweza kusema amezimia. Naweza kusema yule si Darmi, ni msichana mwingine, Darmi yuko ng'ambo anasoma. Kuna filamu ya Kikorea niliwahi kuwaozesha watu waliokuwa wanaachana, na banda zima likapiga makofi.

Saa saba na nusu mzee alikuwa mlangoni. Nilisimama mbele yake, nikamzuia kwa mwili wangu, na si mwili mdogo.

"Mzee Hirbo, leo usiingie. Ya leo haifai."

Alinitazama. "Siku ya kwanza umesema inafaa."

"Nilikuwa sijaimaliza. Nilikosea. Nenda ukapumzike, nitakusimulia kesho."

"Mama," akasema, "kila mtu ananiambia nenda ukapumzike." Na akaniambia kwa upole kiasi kwamba nilijisogeza mwenyewe kando.

Banda lilijaa mpaka watu wakakaa chini. Nikaanza. Sauti ilikuwa ile ile ya kazi, sijui ilitoka wapi. Polisi mzee anahesabu ngazi, mvua inanyesha, wanapanda juu ya paa, wanafungua kifuniko cha tangi. Baba anashuka ndani. Kisha ule mkono, umejaa televisheni nzima.

"Darmi amezimia," nikasema kwenye maiki. "Amechoka, amelala. Baba yake anasema, mwanangu, amka, daktari yuko njiani."

Wale wa nyuma waliacha kutafuna. Watu wana macho, jamani. Nikasikia mmoja anacheka kidogo, kicheko cha aibu, kisha Dida, taratibu: "Mama Iha, acha."

Mzee Hirbo aliinuka. Alikwenda mpaka kwenye televisheni, akasimama karibu sana, mwanga wa picha ukiwa kwenye shati lake. Alitazama ule mkono muda mrefu. Abdinur akasogea kuzima, nikamwashiria aache.

"Mama," mzee akasema bila kugeuka. "Mimi nimechunga ng'ombe miaka arobaini. Mimi najua mnyama amelala na najua mnyama amekufa. Hapa chini iko maandishi. Wewe soma ile iko hapo."

Nilisoma. Sauti yangu ilitoka kwenye spika zote mbili, ndani na ile ya nje inayoita wateja, barabara nzima ikasikia. "Baba yake anasema, yuko hapa tangu siku ya kwanza. Tulimtafuta pale tulipotaka awe."

"Sema amekufa."

"Mzee..."

"Sema, mama. Wewe unaongea vizuri."

"Amekufa," nikasema. "Darmi amekufa."

Alisema inna lillahi, kwa sauti ya chini, yote mpaka mwisho. Mabega yalimshuka. Nilidhani ataanguka, nikaanza kuinuka na goti langu bovu, lakini hakuanguka. Aligeukia watu, akawatazama kana kwamba ndiyo kwanza anawaona.

"Nani ako na udhu?" akauliza.

Nani angekuwa na udhu na miraa shavuni. Kisha Dida akatema yake mkononi, akainuka, akasema, "Tutachukua msikitini, baba." Wakainuka wengine. Wakaanza kutoka mmoja mmoja nyuma ya mzee, Waislamu kwanza, halafu nikaona na vijana wa Kipokomo wanatoka, wakasimama nje ya uwanja wa msikiti mikono nyuma mpaka sala ikaisha. Adhana ya alasiri ilikuwa bado. Waliisubiri. Baada ya alasiri shehe akasimama akamsalia msichana asiye na jeneza, na mimi nikasikia takbira zile nne kutoka kwenye kiti changu cha plastiki, anime imeisha zamani, majina ya Wajapani yamepanda juu bila mtu wa kuyasoma.

Nitasema ukweli, mwisho wa siku ile nilijisifu kidogo. Nilikuwa nimechoka mpaka mifupa, lakini nikasema, Nyevu, umeharibu na umetengeneza. Mtoto wa watu amesaliwa. Mama yake sasa atalala. Miaka tisa ya maneno ya kuokota, mara moja nikasema neno lenye kazi.

Siku ya tatu yake, asubuhi, mwanamke alikuja bandani. Madumu mawili ya maziwa, buibui iliyopauka, uso wa mtu asiyelala. Nilimjua kabla hajasema, nikamfutia benchi kwa kanga yangu. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema hapana, usinishukuru, si kitu.

"Wewe ndiye sauti?" akauliza. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mumewe, kwa miaka ya kuuza maziwa sokoni.

"Ndimi, Mama Darmi. Pole sana."

"Mimi ni Kadra. Nilitaka kukuona." Akakaa, akaweka madumu karibu na miguu. Alinitazama usoni, hakuwa na hasira wala shukrani. "Mimi nilimwambia miezi kumi na minne. Kila asubuhi. Nikamwambia, mtoto amekufa, tumsomee, tupumzike. Hakusikia. Akaja kwako, mara moja tu ukasema, akasikia."

"Nilimdanganya kwanza," nikasema. "Yeye ndiye aliyenitaka niseme."

"Ameniambia." Akasogeza dumu moja kwa mguu. "Kila jioni nikikama, alikuwa anachukua kikombe, anamwekea Darmi maziwa yake. Asubuhi yameganda, nampigia kelele, nasema unaharibu maziwa, sisi si matajiri. Juzi jioni hakuweka. Jana hakuweka. Mimi nikashika kikombe, nikataka kuweka mimi, mkono ukakataa."

Nikamwambia Mungu atamtia nguvu. Maneno ya kuokota, si nilisema.

"Unajua kwa nini mimi niliweza kusema amekufa?" akaniuliza. "Kwa sababu iko mtu anakataa. Nikisema amekufa, yeye anasema hapana, na mimi nageukia ukuta nalala. Nilikuwa nasema kwa nguvu hivyo kwa sababu najua hatakubali. Sasa na yeye amekubali. Sasa kule nyumbani, mama, hakuna mtu anamngoja Darmi."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nikaona haya kulia mbele yake, kwa sababu haikuwa zamu yangu. Alinisubiri nimalize. Kisha akasema maziwa yataharibika, akainua madumu yake, akaenda sokoni.

Nikarudi ndani. Nikafungua laptopu ya Abdinur, nikafuta sehemu zote kumi na mbili, moja baada ya nyingine, na haikunisaidia kitu.